VLC 4.0 ya majaribio: maktaba mpya inamfaa nani?

VLC 4.0, toleo jipya la programu ya kuchezea video na muziki, iko jikoni muda mrefu. VideoLAN, shirika la Ufaransa lisilo la faida linaloitengeneza, lilionesha sura yake Februari 2019 kwenye FOSDEM, mkutano wa watengenezaji wa programu huria mjini Brussels, wakati toleo la 3.0 lilikuwa limetimiza mwaka mmoja tu. Tangu hapo matoleo ya majaribio yamekuwa yakiundwa usiku hadi usiku, na yeyote anaweza kuyapakua bure. Mambo yaliyomo ni mengi, lakini mabishano yanaangukia hasa kwenye maktaba, yaani sehemu inayokusanya na kupanga video na nyimbo zako, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kwanza tukumbuke tunachokizungumzia. VLC ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, ikafanywa programu huria, yaani yenye msimbo ulio wazi kwa wote, mwaka 2001. Kwetu ndiyo programu ambayo fundi huisakinisha mara tu anapomaliza kuweka Windows, kwa sababu inafungua karibu kila faili bila kuuliza maswali. Flashi inachomekwa, faili linabofywa mara mbili, picha inatokea. Mabadiliko yoyote kwenye programu hii lazima yapimwe kwa kigezo hicho kwanza.

Toleo la 3.0 likifunguliwa peke yake linakupa dirisha tupu lenye ile koni ya barabarani, likisubiri uliletee faili. Toleo la 4.0 linakupokea na kurasa: video, muziki na sehemu ya kuvinjari folda. Nyuma yake kuna hifadhidata inayopitia folda ulizoziruhusu, inasoma taarifa zilizobebwa na kila wimbo, inatengeneza kijipicha cha kila video na kukumbuka uliishia wapi. Wenye VLC kwenye simu za Android wanaujua mpango huu, maana ulianzia huko kabla ya kuletwa kwenye kompyuta.

Mwenye mkusanyiko uliopangwa vizuri atafurahi. Shida ni kwamba mikusanyiko yetu mingi haikupangwa hivyo. Nyimbo za Bongo Fleva zinazozunguka kwenye simu na flashi mara nyingi zimepakuliwa kwenye tovuti za kugawa muziki, na tovuti hizo zina tabia ya kuandika anwani yake mahali pa jina la msanii au la albamu. Taarabu za zamani zilizohamishwa kutoka kanda hazina taarifa yoyote, na mwimbaji mmoja ameandikwa kwa tahajia tatu. Ukiiachia maktaba ipange vitu vya namna hiyo, itakuonesha wasanii watatu badala ya mmoja, na tovuti itasimama kwenye orodha kama mwimbaji. Maktaba haijakosea hapo, imesoma ilichopewa. Lakini mtumiaji ataona fujo ambayo folda zake, alizozipa majina kwa mkono, hazikuwa nayo.

Upande wa video nauona tofauti kabisa. Faili za harusi, mihadhara na tamthilia huwa na majina ya tarakimu ambazo kamera au simu ilizitoa yenyewe. Jina halikusaidii, kijipicha kinakusaidia. Kwa mpigapicha wa harusi mwenye saa nyingi za video ambazo hazijakatwa, kipengele hiki kinamwondolea kazi ya kufungua faili moja moja.

Lipo pia suala la faragha, nalo halizungumzwi vya kutosha. Kompyuta nyingi kwetu si za mtu mmoja. Ni ya familia, ya ofisi, au ya kibanda cha kuingizia nyimbo kwenye simu. Programu inayopokea kila anayeifungua kwa picha za video zote zilizomo ndani inabadilisha maana ya kuazimana kompyuta. Kwa bahati nzuri maktaba inaweza kuzimwa, na folda za kupitiwa unazichagua mwenyewe. Ningependa uchaguzi huo uelezwe waziwazi mara ya kwanza programu inapofunguliwa, kwa lugha ambayo mtu asiye fundi ataielewa.

Kuhusu sura mpya kwa ujumla, nitapita haraka. Vitufe vinaelea juu ya picha na kujificha, menyu ya juu inaweza kufichwa, rangi ya giza ipo. Ni nzuri kwa macho. Wanaolalamika kwamba vitu vimehamishwa wana haki yao, ila kuna njia ya kurudisha menyu na kuubana upau wa vitufe usiondoke, na ukifanya hivyo malalamiko mengi yanapungua.

Kazi kubwa zaidi haionekani kwenye skrini. Saa ya ndani, yaani utaratibu unaolinganisha sauti na picha, imeandikwa upya. Njia ya kutoa picha nayo imejengwa upya, na kuhama kutoka faili moja hadi jingine kunalenga kutoacha pengo. Anayesikiliza kisomo cha Qur'ani kilichokatwa vipande, au shoo ya jukwaani iliyogawanywa nyimbo kwa nyimbo, anajua kero ya kimya kifupi kinachoingia kati. Kwangu hiyo peke yake ni sababu ya kuitamani 4.0 kuliko vijipicha vyote.

Halafu kuna manukuu ya akili mnemba. Januari 2025, kwenye maonesho ya teknolojia ya CES huko Las Vegas, VideoLAN ilionesha VLC ikisikiliza maneno ya video na kuyaandika yenyewe, na hata kuyatafsiri, kwa modeli huria, yaani mfumo uliofunzwa kutambua maneno kwa kusikilizishwa sauti nyingi, inayofanya kazi ndani ya kompyuta bila intaneti. Msimamo huo wa kutotuma sauti yako kokote ni sahihi, na kwa mtu anayenunua bando la siku una thamani ya pesa. Kwa kiziwi ambaye taarifa ya habari ya Kiswahili humpita bila neno moja kuandikwa, manukuu haya yanaweza kuwa mwanzo wa kitu kikubwa.

Lakini tupime kwa modeli huria inayojulikana zaidi kwa kazi hii, Whisper ya OpenAI. Ilipotolewa mwaka 2022 ilikuwa imefunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Kati ya hizo, saa zipatazo 117,000 ziligawanywa kwa lugha 96 zisizo Kiingereza, na mgawanyo haukuwa sawa hata kidogo: lugha kubwa za Ulaya na Asia zilichukua sehemu kubwa. Tafsiri yake ni ya kwenda Kiingereza tu, kwa hiyo anayetaka filamu ya Kikorea iwe na manukuu ya Kiswahili atahitaji modeli nyingine juu yake. Uzito nao haukwepeki. Kwa kompyuta za kawaida, faili la modeli ndogo kabisa lina takriban MB 75, lile kubwa linakaribia GB 3, na dogo ndilo linalokosea zaidi, hasa kwa lugha kama yetu. Laptopu ya mtumba yenye memori ya GB 4 haitaliweza lile kubwa, itabaki na yale madogo. Mwenye kifaa dhaifu na lugha yenye sauti chache za kufunzia modeli anabeba hasara mbili kwa pamoja, na huyo ndiye mtumiaji wa kawaida wa Kiswahili.

Hili halinifanyi niseme kipengele kiachwe. Kinafaa kije kikiwa kimezimwa, na modeli ipakuliwe na anayeitaka tu, ili programu yenyewe ibaki nyepesi.

Wenye mashine za zamani sana wajue pia kwamba 4.0 inaachana na Windows XP, ambayo 3.0 bado inaikubali. Na toleo la majaribio lisiwekwe juu ya VLC unayoitegemea kazini. Linaweza kuganda, kufunga ghafla, au kuchanganya mipangilio na ya toleo lako la zamani. Kwenye Windows pakua lile la zip, lifungue kwenye folda yake, kisha ndani yake, karibu na vlc.exe, tengeneza folda iitwayo portable. Mipangilio yote itakaa humo, na ukichoka unafuta folda nzima.

Ukishalijaribu, ripoti ya kwanza yenye manufaa kutoka kwetu ingehusu majina ya wasanii: maktaba impe mtumiaji uwezo wa kupanga nyimbo kwa folda na kuzipuuza kabisa taarifa za ndani ya faili. Ombi hilo ni rahisi zaidi kusikilizwa sasa kabla toleo halijafungwa.