Mechi ya machipuko: hofu ya makocha imebadilika sura

Aprili 27, 2024 ndiyo siku niliyoingia Memorial Stadium ya Lincoln, uwanja wa mpira wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Nebraska, kwa mara ya kwanza. Siku moja kabla, vimbunga vilikuwa vimepita jirani na mji na kubomoa nyumba kule Elkhorn, upande wa Omaha, nami nikadhani watu watabaki majumbani. Walikuja zaidi ya 60,000. Na walichokuja kukitazama, ukimweleza mtu wa Kariakoo, anaweza kukucheka: mechi ya machipuko, yaani timu moja ya chuo imejigawa mapande mawili, Nyekundu na Nyeupe, inacheza yenyewe kwa yenyewe, na matokeo hayahesabiwi popote. Kwangu mimi niliyekulia upande wa Msimbazi, rangi zenyewe zilinitosha.

Mwaka uliofuata mechi hiyo haikuwepo. Februari 2025 kocha mkuu wa Nebraska, Matt Rhule, alisema hataicheza. Alieleza kwamba mechi yao ya 2024 ilikuwa miongoni mwa zilizoonyeshwa zaidi kwenye runinga, na baada ya hapo kazi yake ikawa kupambana na waliokuwa wakiwanyemelea wachezaji wake kwa ofa. Badala yake likaandaliwa tamasha la michezo midogo midogo ya ustadi. Texas nao waliachana na mechi yao mwaka huohuo, na vyuo vingine vikubwa vikafuata mkumbo. Tangu hapo mashabiki wa mpira wa Kimarekani wa vyuo wamegawanyika: kuna wanaosema makocha wametunyang'anya siku yetu, na kuna wanaosema siku yenyewe ilikuwa upuuzi tangu mwanzo. Mimi nina mguu kila upande, na nitaeleza kwa nini.

Kwa asiyeufuata mchezo huu: msimu wa vyuo huanza mwishoni mwa Agosti. Lakini kati ya Machi na Aprili kila chuo huruhusiwa mazoezi rasmi 15 ndani ya siku 34, na mechi ya machipuko kwa kawaida ndiyo zoezi la mwisho kati ya hayo. Ndipo vijana waliomaliza sekondari Desemba na kujiunga na chuo Januari wanapoonja kasi ya ukubwani kwa mara ya kwanza. Ndipo pia kocha anapoamua nani ataanza na nani atasugua benchi.

Sasa, kama ushahidi wa kimchezo, mechi hiyo ni dhaifu kweli. Kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, huvaa jezi ya rangi ya peke yake na hakuna anayeruhusiwa kumwangusha. Kocha haonyeshi mbinu zake halisi, maana wapinzani wa Septemba nao wana runinga. Mshambuliaji aking'ara, hujui umsifie yeye au umlaumu beki, na wote wawili ni wako. Alabama enzi za kocha Nick Saban walilazimika kutafuta cha kupigania: upande ulioshinda ulikula nyama ya steki, ulioshindwa ukala maharage. Bado mwaka 2007, Saban alipofika tu, watu 92,138 walijaza uwanja wa Tuscaloosa kutazama mechi hiyo. Huwezi kuniambia watu wote hao walikwenda kuchambua mbinu.

Hoja ya Rhule ilihusu kuibiwa wachezaji, na nataka kuitendea haki, kwa sababu haikutoka hewani. Zamani mchezaji akihama chuo alikaa nje mwaka mzima kabla ya kucheza. Mwaka 2021 uhamisho wa kwanza ukawa huru, na mwaka huohuo, kuanzia Julai, wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Kufikia 2024 mtu anaweza kuhama kila mwaka akitaka, mradi darasani yuko sawa. Na kulikuwa na madirisha mawili ya usajili, la pili likifunguliwa katikati ya Aprili, yaani wakati uleule mechi za machipuko zinachezwa. Ni kama Simba au Yanga itambulishe kikosi mbele ya uwanja mzima, kisha keshoye dirisha lifunguliwe na mikataba yote iwe ya mwaka mmoja. Kocha yeyote angetapatapa.

Mfano ambao makocha wanaupenda ni wa Colorado. Aprili 2023 kocha Deion Sanders alikuwa amepewa timu iliyotoka kushinda mechi moja na kupoteza 11. Mechi yake ya kwanza ya machipuko ilijaza uwanja, tiketi zote 47,277 ziliuzwa, runinga ya ESPN ikairusha, na theluji ikawa inaanguka. Siku hiyo Montana Lemonious-Craig alidaka pasi na kukimbia nayo kukamilisha yadi 98, karibu uwanja mzima. Ndiye aliyekuwa nyota wa mchana ule. Siku chache baadaye alikuwa ameaga, na msimu uliofuata alivaa jezi ya Arizona.

Ukiishia hapo, Rhule ana haki. Ila kisa hicho kina upande wake wa pili ambao makocha huwa hawausimulii. Makumi ya wachezaji waliondoka Colorado machipuko yale, na wengi wao hawakuibiwa na mtu. Sanders mwenyewe alikuwa amewaambia mapema, mbele ya kamera, kwamba anakuja na mizigo yake na wao waone pa kwenda. Dirisha la Aprili lilikuwa mlango wa kutokea kwa wachezaji na lilikuwa pia fagio la makocha. Anayelia kuibiwa mwezi wa nne mara nyingi ndiye aliyemwita kijana ofisini wiki ileile akamwambia hayumo kwenye mipango ya msimu.

Tena wizi mkubwa haukuhitaji runinga. Aprili 2025 Nico Iamaleava, kwotabeki wa Tennessee, hakutokea mazoezini siku moja kabla ya mechi yao ya machipuko, kukiwa na mvutano wa pesa. Kocha Josh Heupel alimwacha aende, mechi ikachezwa bila yeye. Iamaleava akaangukia UCLA, na Joey Aguilar, aliyekuwa amejiunga na UCLA majira ya baridi yaleyale, akaenda Tennessee. Wakawa wamebadilishana viti. Hakuna skauti aliyekaa jukwaani kugundua kipaji hapo. Watu walikuwa na namba za simu.

Na hapo Lincoln kwenyewe? Kwotabeki ambaye sote 60,000 tulikwenda kumwona mwaka 2024 alikuwa kijana mgeni, Dylan Raiola. Machipuko ya 2025 hakukuwa na mechi ya kumwonyesha kwa mtu yeyote. Januari 2026 Raiola alikwenda Oregon. Sisemi kuficha mechi ndiko kulikomwondoa, hapana. Nasema tu kwamba pazia lilishushwa na mali ikatoka kwa mlango mwingine.

Halafu likatokea jambo ambalo, kwa maoni yangu, mashabiki wengi hawajalipima sawasawa. Dirisha la Aprili limefutwa. Kuanzia mwaka 2026 limebaki moja tu, la Januari, na la mwaka huo lilikuwa kuanzia tarehe 2 hadi 16. Kocha anapoanza mazoezi ya Machi sasa, kikosi alichonacho ndicho atakachoingia nacho vitani Septemba. Kijana wa kudaka yadi 98 anaweza kutamba mbele ya taifa zima, na simu yake ikaita usiku kucha, lakini hana pa kwenda mpaka msimu uishe. Kwa hesabu hiyo, sababu ya Rhule imekufa, na wanaodai mechi zirudi zote wana haki ya kuuliza makocha wanangoja nini.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na wenzangu wa jukwaani. Kufutwa kwa dirisha kumeua hofu moja na kuinenepesha nyingine. Zamani kwotabeki akichanika goti Aprili, kocha alikuwa na siku chache za kwenda sokoni kutafuta mwingine. Leo soko limefungwa tangu Januari. Pia kuanzia 2025 kikosi kimewekewa ukomo wa wachezaji 105, kwa hiyo ule utitiri wa vijana wa kujitolea waliokuwa wakijaza nafasi mazoezini umepungua. Goti moja la Aprili linaweza kumaliza msimu ambao haujaanza. Na magoti hayo yanalipiwa: kwa makubaliano ya mahakamani ya Juni 2025 chuo kiliruhusiwa kugawa hadi dola milioni 20.5 kwa wanamichezo wake kwa mwaka wa 2025-26, na kwenye vyuo vikubwa sehemu kubwa huenda kwenye timu hii. Mtu aliyelipa hivyo hataki kusikia habari za burudani ya mashabiki.

Steve Sarkisian, kocha wa Texas, ndiye aliyesema mapema kuhusu miili ya vijana. Alipofuta mechi ya 2025 alitaja kwamba timu yake ilikuwa imecheza mechi 30 ndani ya misimu miwili. Ni nyingi mno kwa vijana wa miaka 20 wanaogongana kwa vichwa na mabega. Hiyo ni hoja nzito kuliko ya wizi, na laiti wenzake wangeanza nayo. Tatizo ni kwamba Ohio State nao walicheza mechi 16 msimu wa 2024 mpaka wakabeba ubingwa, na Aprili 2025 bado waliwafungulia watu uwanja, wakapunguza tu ukali wa kilichochezwa. Timu hizo mbili zikakutana Agosti 30: Ohio State 14, Texas 7. Haithibitishi chochote, najua, na mtu wa Texas akiniletea hesabu za kwotabeki mpya nitamsikiliza. Ila nimefurahi kuiandika.

Kwa hiyo kama kungekuwa na kura ya mechi yenyewe, ya kuangushana kwa dakika zote, ningewapa makocha. Ninachowakatalia ni kuchukua na siku yenyewe.

Nebraska wameuza tiketi zote za nyumbani tangu mwaka 1962. Kwa familia ya wahamiaji yenye watoto wanne, hilo maana yake ni kwamba vuli yote uwanja huo ni kitu cha kupita nje na gari. Machipuko ndiyo siku ambayo bei inashuka, na mtoto anaweza kumwona mchezaji akiwa na sura badala ya namba ya mgongoni. Na mbio zinazokumbukwa kuliko zote katika machipuko ya Lincoln hata hazikukimbiwa na mchezaji. Aprili 2013 Jack Hoffman, mtoto wa miaka saba mwenye saratani ya ubongo, alivalishwa jezi namba 22, akapewa mpira, akakimbia yadi 69 hadi mwisho wa uwanja huku wachezaji wa pande zote mbili wakimwagika kutoka benchi kumbeba. Mchezo ambao matokeo yake hayahesabiwi ndio pekee unaoweza kumpa nafasi mtoto kama yule. Jack alifariki Januari 15, 2025, akiwa na miaka 19. Tangazo la kufuta mechi lilikuja wiki mbili na ushee baadaye. Sihusishi mambo hayo mawili, lakini hapa mjini kila niliyezungumza naye aliyataja pamoja.

Njia ya kati ipo, na Sanders ndiye aliyeikaribia. Mwaka 2025 aliomba timu yake ifanye mazoezi na chuo kingine badala ya kujipiga yenyewe, na Fran Brown, kocha wa Syracuse, akajibu kwamba yuko tayari kwenda. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wakakataa, kwa kuwa vyuo vingine vilikuwa vimeshamaliza machipuko yao na isingekuwa haki kwao. Kwa mwaka ule sawa. Kwa miaka inayokuja sioni kwa nini isipangwe mapema. Sisi tunaotoka kwenye Simba Day tunalijua hili: huwezi kuuza sherehe ya kikosi kipya bila kualika mgeni wa kukipima. Hakuna anayelipa nauli kutoka Morogoro kutazama Simba A na Simba B.

Hilo likishindikana, mimi nachukua chochote. Tufunguliwe zoezi la 14, pasiwe na kuangushana, kwotabeki avae hata koti la mvua asiguswe. Nitakwenda kutazama wanaume wa kilo 140 wakizunguka koni, na nitabishana njiani kurudi kuhusu aliyezunguka vizuri.