Kichwa cha boriti hakionekani: ukaguzi wa nyumba kongwe ya shamba kabla ya kutoa arubuni

Ukitaja ukaguzi wa kihandisi kwenye mauziano ya nyumba ya mawe huku Zanzibar, iwe Makunduchi au Jambiani kule Unguja, au Wete kule Pemba, jibu huja kwa sura ya swali: nyumba imesimama tangu enzi za mababu, wewe unataka kuikagua nini? Mazoea yetu yanajulikana. Mnunuzi huja na dalali na fundi wake, wakaizunguka nyumba nusu saa, fundi akaupiga ukuta kofi, akatazama bati, akasema "hii ni rangi na milango tu." Kisha sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa), mashahidi, arubuni. Mhandisi wa siku nzima, mwenye dirili na daftari, tumewaachia wenye hoteli. Naona hapo ndipo tunapojidhulumu, ingawa wanaoukataa ukaguzi huo si wajinga na hoja zao zastahiki kusikilizwa kwanza.

Hoja yao nzito ni ya bei. Shamba, yaani nje ya mji, thamani mara nyingi ipo mahali penyewe: bahari ilivyo karibu, barabara, minazi. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma kwa sheria ya mwaka 1992, na kinachobadilisha mikono ni jengo, miti na haki ya kuitumia ardhi. Kama jengo ni la udongo na fito na mnunuzi ana nia ya kulivunja, kumlipa mhandisi ni kutupa pesa, na hapo sina ubishi. Hoja ya pili ni ya fundi wa kijiji. Mwashi ambaye baba yake ndiye aliyeijenga nyumba hiyo anajua maji huingilia wapi kila Masika, jambo ambalo mtu wa mjini hawezi kulijua kwa siku moja. Ya tatu ni haraka. Warithi wanane, watatu wakiwa Dar es Salaam na mmoja Muscat, wakishakubaliana bei hawataki kusubiri ripoti ya wiki mbili. Na ikiwa nyumba ipo Pemba, huenda anayeijua kazi ya chokaa ikabidi avushwe kwa boti kutoka Unguja. Habari za hati, mirathi na mashamba ya eka tatu (yale yaliyogawiwa na serikali baada ya Mapinduzi) ni za mwanasheria, nazo zimalizwe kabla mhandisi hajaitwa.

Kosa la hoja zote tatu ni kudhani kwamba ubovu wa nyumba kongwe utajionesha wenyewe kwa mtu mwenye jicho. Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, ilikuwa ikitazamwa na mji mzima, nayo ilikuwa kwenye matengenezo. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafariki. Ilikuwa na umri wa miaka 137, na umri huo haukuwa dhamana ya kitu.

Nyumba ya mawe ya kizamani ni nyuso mbili za mawe ya matumbawe zenye kifusi katikati, zimeshikwa kwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa, na unene wa ukuta kwa kawaida hufika sentimita 50 hadi 60. Zile zenye dari, yaani sakafu ya juu ya mawe na chokaa, hulaliwa na boriti za mikoko. Ule wembamba wa vyumba vya kizamani, mita 3 au pungufu, unatokana na urefu wa boriti. Kila boriti imezama ukutani kwa ncha zake mbili, kiasi cha sentimita 15 au 20 kila upande. Ncha hizo, vichwa vya boriti, ndizo zinazobeba nyumba, na hakuna anayeziona.

Tufanye hesabu. Chumba ni mita 3 kwa 6, na juu yake kuna sakafu ya mawe na chokaa yenye unene wa sentimita 30. Mita moja ya mraba ya sakafu hiyo ina uzito wa nusu tani hivi, kwa hiyo chumba kizima kina tani 9 juu ya vichwa vya watu. Boriti zikiwa zimepangwa kila sentimita 25, ni 24. Kila moja imebeba kilo 375 au zaidi kidogo, na kila kichwa karibu kilo 190, usiku na mchana, kabla hajapanda mtu. Vichwa ni 48. Fundi wa nusu saa ameziona boriti zote 24 kwa katikati, nyeusi, ngumu, zinazovutia, na hakuona kichwa hata kimoja kati ya hivyo 48.

Mti haulingani katikati na nchani. Katikati ya chumba boriti inapata hewa, inakauka, inaweza kuishi vizazi. Ndani ya ukuta haina hewa, na ukuta ukiwa umelowa, nayo hulowa. Unyevu wa mti ukipita asilimia 20 na kukaa hapo, kuvu huanza kuula. Kwa hiyo boriti ile ile hugongwa katikati ikalia kama chuma, na kule ukutani imekuwa unga wa hudhurungi. Mchwa nao hupenda hapo hapo: hula ndani na kuacha gamba la nje, ambalo likipakwa chokaa halina tofauti na mti mzima.

Kisha huja tiba inayoua. Dari ikivuja, wenyeji humwaga zege jembamba juu ili kuziba. Sentimita 5 tu za zege juu ya chumba chetu ni karibu tani 2 nyengine, zinazowekwa juu ya vichwa vilivyokwisha kulowa kwa uvujaji ule ule. Kichwa kimoja kikikatika, mzigo wake huhamia kwa majirani zake wawili, ambao mara nyingi wamelowa pamoja naye. Alama ya nje ni ndogo mno: ufa mwembamba unaofuata pembe ya dari na ukuta, ambao kila Ramadhani inapokaribia huzibwa na kupakwa rangi.

Ukaguzi wa kina ni kwenda kwenye vichwa. Hutumika dirili yenye ncha ya milimita 6, huelekezwa kwa mshazari pale boriti inapoingia ukutani, na mkono husikiliza. Mti mzima hukataa na kutoa maganda makavu yaliyojikunja; uliooza hutoa unga wenye maji na ncha huzama ghafla. Huanzwa na vichwa vilivyo chini ya madoa ya maji, karibu na bafu, kwenye pembe, na upande unaopigwa na mvua. Kimoja kikiwa kibovu, hutobolewa vyote vya ukuta huo. Nyumba isiyo na dari, ya chini tu na bati, nayo ina vichwa vyake vilivyofichwa: boriti zilizolazwa juu ya milango na madirisha badala ya linta ya zege, zikafunikwa na lipu pande zote. Huko hujaribiwa kwa bisibisi na dirili hiyo hiyo, na mlango unaokwaruza juu si wa kurandwa na seremala kabla hapajatazamwa hapo.

Kwa nini ukuta ulowe, ikiwa nyumba hizi zimekaa na mvua zetu miaka yote? Jibu mara nyingi ni saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa. Mvua ikiisha, jua na upepo huukausha. Ukipigwa lipu ya saruji kwa nje, maji huingia kwa nyufa ndogo, na mengine huingia kutoka ardhini, yakakosa njia ya kurudi. Hupanda juu, na pale yanapopata kutoka huacha chumvi, ambayo ikijijenga punje zake hubandua lipu na kula uso wa jiwe. Nyumba iliyopigwa saruji mpya na kupakwa rangi nyeupe kabla ya kuuzwa ndiyo ya kuogopwa kuliko ile yenye chokaa inayopukutika. Mnunuzi husoma kinyume, na bei nayo hufuata kinyume hicho. Na kukausha si kazi ya mwezi mmoja. Kwa kipimo kinachotumiwa na mafundi wa majengo makongwe, ukuta hukauka kama sentimita 2.5 kwa mwezi, kwa hiyo hata saruji ikibanduliwa pande zote mbili, ukuta wa sentimita 50 unadai karibu mwaka.

Hapa pia vipimo vya haraka hudanganya. Kile kijimashine cha miba miwili cha kupima unyevu hutumia umeme, na chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo kwenye kuta za pwani hutoa namba kubwa hata penye ukavu. Bora kutazama kwa wakati unaofaa: Masika ikiwa inanyesha, au mara tu baada yake. Nyumba inayooneshwa wakati wa kiangazi imeoneshwa ikiwa katika hali yake nzuri kuliko zote.

Nyufa za ukuta husomwa kwa upana na kwa mwendo. Wahandisi kwa kawaida huhesabu ufa wa hadi milimita 5 kuwa wa kuziba na kupaka, na uliopita 15 kuwa jambo la muundo. Lakini ufa mpana wa miaka 40 uliolala ni salama kuliko mwembamba unaotembea. Hubandikwa kipande chembamba cha kioo juu yake kwa plasta, ikaandikwa tarehe, na kikivunjika ukuta unatembea. Ukuta uliotoa tumbo huwekewa timazi: kifusi cha ndani kimeshuka na nyuso mbili zimeachana. Miche ya jamii ya mkuyu iliyoota kwenye nyufa haing'olewi kwa nguvu, kwani mzizi huondoka na mawe.

Chini ya msingi, Unguja na Pemba si moja, na hata Unguja yenyewe si moja. Ukanda wa mashariki, maweni na uwanda, msingi hukaa juu ya mwamba, na hofu ni mapango na mashimo yaliyo chini yake, hasa pale maji ya choo yalipoachwa kupenya miaka mingi. Kwenye mabonde yenye kinamo, udongo huvimba Masika na kupasuka kiangazi, na nyumba hupanda na kushuka nao. Pemba kwenye miteremko ni mvua inayokula udongo chini ya msingi wa upande wa bondeni. Nyumba za bloku na zege za miaka ya 1970 na 1980 zina ugonjwa wao: mchanga wa pwani usiooshwa. Chumvi yake hula nondo, nondo ikashika kutu na kuvimba, na zege likabanduka kwa vipande kuanzia chini ya linta. Huko nyundo ndogo inatosha. Zege lililoachana na nondo hulia tupu.

Lililo zito kuliko gharama, kwa watu wengi, ni aibu. Kumletea mhandisi muuzaji ambaye ni jirani, ami au mume wa shangazi huonekana kama kumwambia usoni kwamba ni mwongo. Naielewa haya hiyo, ila sheria tuliyolelewa nayo haiko upande wake. Katika fiqhi ya mauziano, muuzaji anayeijua aibu ya mali yake, yaani kasoro yake, ana wajibu wa kuieleza, na mnunuzi aliyefichwa kasoro hiyo ana khiyari, yaani haki, ya kuirejesha mali. Wengi wetu tumefundishwa chuoni, kwenye madrasa, kisa cha Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono kwenye rundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu chini, naye akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wakauona. Kichwa cha boriti ndio unyevu wa chini ya rundo. Na mara nyingi muuzaji mwenyewe haujui. Hajawahi kutoboa dari la mama yake. Ripoti humwondolea dhima kwa kiasi kile kile inachomlinda mnunuzi.

Wapinzani wana hoja moja ambayo nawapa kamili. Mhandisi aliyesomea zege peke yake ni hatari kwa nyumba ya chokaa. Atauona ukuta uliopinda kidogo na kuandika "bomoa", au atapendekeza mkanda wa zege na lipu ya saruji, yaani ugonjwa wenyewe kwa jina la dawa. Ripoti kama hiyo ni bora isingeandikwa. Kwa hiyo siutetei ukaguzi wa mtu mmoja. Waende wawili: mhandisi anayejua kuhesabu mzigo, na mwashi aliyewahi kuloweka chokaa na kubadilisha boriti kwa mkono wake, na ikiwezekana awe wa kijiji hicho hicho. Fundi yule aliyetajwa mwanzo si mshindani wa mhandisi. Ndiye atakayemwonesha pa kutoboa.

Kuhusu haraka ya warithi, dawa ipo kwenye karatasi ya arubuni. Iandikwe mbele ya sheha kwamba mnunuzi ana siku 14 za kukagua, kwamba matundu ya milimita 6 yameruhusiwa, na kwamba vichwa vibovu vikizidi idadi mliyokubaliana, tuseme 6 kati ya 48, bei itajadiliwa upya au arubuni irudi yote. Gharama ni ya mnunuzi, na nakala ya ripoti apewe muuzaji, nyumba iuzwe isiuzwe. Matundu yazibwe siku hiyo hiyo mbele ya mwenye nyumba, kwa chokaa na si kwa saruji.