Kijia Kimoja cha Watu Mia, au Vijia Mia vya Mtu Mmojammoja?

Mjadala wa namna ya kufurahia maeneo ya asili bila kuyaharibu huendeshwa mara nyingi kama hesabu ya vichwa. Upande mmoja husema watu wamezidi na wapunguzwe. Upande wa pili hujibu kwamba msitu, mlima na ufuo ni vya wote, na kwamba kufunga lango ni kumnyima mtu haki yake. Mvutano huu ni wa siku nyingi. Sheria ya mwaka 1916 iliyounda idara ya hifadhi za taifa nchini Marekani iliibebesha idara hiyo kazi mbili kwa mpigo, yaani kuhifadhi mandhari na wanyamapori na kuwawezesha watu kuvifurahia, kwa namna itakayoviacha bila dosari kwa vizazi vijavyo. Tangu hapo wasimamizi wa hifadhi, huko na kwingineko, wamekuwa wakikata shauri kati ya kazi hizo mbili kila zinapogongana. Idadi ya wageni ina uzito wake, lakini naamini tumeipa uzito mkubwa mno, na tumelidharau swali linaloamua mengi zaidi: wageni hao wanapita wapi, na wakati gani.

Wanaotetea milango wazi wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Nchini Uingereza, mwezi Aprili 1932, mamia ya watembezi waliupanda mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa wenye ardhi, na baadhi yao wakafungwa jela. Mwaka 1949 ikapitishwa sheria ya hifadhi za taifa na ya kuwafungulia watu mashamba na nyika, na eneo hilohilo likawa ndani ya hifadhi ya kwanza ya nchi hiyo mwaka 1951. Waliodai nafasi ya kutembea, kwa hiyo, walichangia kuzaliwa kwa uhifadhi. Hoja ya pili ni ya fedha. Gorila wa milimani, ambao mwaka 2018 waliondolewa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka na kuwekwa katika kundi la hatari ya chini kidogo baada ya idadi yao kupita 1,000, wamelindwa kwa sehemu kubwa na mapato ya wageni. Lakini wageni haohao wanaweza kuwaambukiza magonjwa ya njia ya hewa, na ndiyo sababu ziara hufanywa kwa vikundi vidogo, kwa muda wa saa moja tu, na kwa umbali uliowekwa. Faida na hatari zimeingia kwa mlango mmoja.

Wanaotaka kufunga nao hupenda kuutaja mfano wa ghuba ya Maya nchini Thailand. Ufuo huo mdogo ulikuwa ukipokea watu wapatao 5,000 kwa siku, na nanga za boti zilikuwa zimeharibu sehemu kubwa ya matumbawe, hata serikali ikaufunga mwezi Juni 2018. Matumbawe yakapandwa upya, papa wa majini humo wakaonekana tena, na ufuo ukafunguliwa Januari 2022. Ushahidi huo ni mzito kweli. Hata hivyo, masharti ya kufunguliwa kwake yanasema mengi kuliko kufungwa kwenyewe: boti haziruhusiwi tena kuingia ndani ya ghuba, zinatia gati upande wa pili wa kisiwa, na wageni huvuka kwa miguu juu ya njia ya mbao. Idadi imedhibitiwa, ndiyo, lakini kilichoyaokoa matumbawe zaidi ni kwamba nanga imehamishwa.

Hapa ndipo elimu ya ikolojia ya kukanyaga, yaani ya jinsi nyayo za watu zinavyoathiri mimea na udongo, inapotusaidia. Waliochunguza jambo hili kwa miongo kadhaa wamekuta kwamba uharibifu haupandi sambamba na idadi ya wapitaji. Nyayo za mwanzo ndizo zinazoumiza zaidi. Mahali penye mimea laini, wapitaji makumi machache hutosha kuvunja mashina, kusambaratisha majani makavu yaliyoifunika ardhi na kuanza kuushindilia udongo, hadi maji ya mvua yakashindwa kupenya na kutiririka juu juu yakichukua rutuba. Kijia kikishazaliwa, mpitaji wa mia tano huongeza madhara madogo tu, kwa kuwa cha kuharibika kimeshaharibika. Kupona nako hakuna haraka: katika majangwa ya Utah nchini Marekani, gamba jembamba lenye uhai linaloshikilia mchanga, lililofumwa na bakteria, kuvu na mimea midogo sana, huvunjwa kwa hatua moja na huweza kuchukua miongo kurudi.

Maana yake ni kwamba watu mia wanaofuatana katika kijia kimoja wanaweza kudhuru kidogo kuliko watu kumi waliotawanyika. Ni jambo linalopingana na hisia zetu, kwa sababu mtembezi mstaarabu, anayekwepa dimbwi la tope kwa kupita pembeni ili asiharibu viatu vyake, hujiona hana hatia. Naye ndiye anayeipanua njia, akifuatwa na mwingine anayekwepa ukingo mpya uliogeuka tope. Kanuni saba za Leave No Trace (yaani "usiache alama"), zinazofundishwa katika nchi nyingi, zinalitambua hili na kutoa maelekezo mawili yanayoonekana kupingana: mahali palipozoeleka, bakini kwenye njia na kambi zilizopo, mahali ambapo hapajaguswa, tawanyikeni. Ugumu ni kwamba mgeni anatakiwa ajue yuko katika mahali pa aina gani, na mwenye kuhukumu ni yeye mwenyewe, tena amechoka na jua linazama.

Hata hivyo, nyasi si wanyama, na hapo hoja yangu inapungua nguvu. Tathmini ya mwaka 2016 iliyopitia makala 274 za kisayansi ilikuta kwamba zaidi ya asilimia 93 ziliripoti angalau athari moja ya matembezi na michezo ya nje kwa wanyama, na sehemu kubwa ya athari hizo ilikuwa mbaya. Athari mbaya zilijitokeza mara nyingi zaidi kidogo katika shughuli zisizotumia injini kuliko katika zile za magari, matokeo yanayopaswa kutuondolea majivuno sisi tunaotembea kwa miguu. Ndege aliyelalia mayai hafaidiki chochote kwa ukimya wetu ikiwa tumesimama karibu naye. Kwa wanyama wa namna hiyo hakuna njia ya mbao inayotosha. Kinachohitajika ni eneo lisiloingiwa kabisa, au msimu wa kutoingia.

Vibali vyenye idadi maalumu navyo vina mahali pake. Njia ya Inka nchini Peru hupokea watu wasiozidi 500 kwa siku, wapagazi na waongozaji wakiwemo, na hufungwa kila Februari kwa matengenezo. Kwenye kamba za chuma wanazoshika wapandaji wa mlima wa Half Dome, katika hifadhi ya Yosemite nchini Marekani, ukomo ni takriban watu 300 kwa siku wanaopatikana kwa bahati nasibu, na hapo usalama wa wapandaji wenyewe ni sababu tosha. Lakini bahati nasibu humfaa zaidi anayeweza kupanga safari miezi kadhaa kabla na kuahirisha kazi siku jina lake litokapo. Asiye na uhuru huo hubaki nje, hata kama mlima uko karibu na kwake.

Uskoti imejaribu mkondo mwingine. Sheria yake ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea na kupiga hema karibu popote, ardhi iwe ya nani, mradi atumie haki hiyo kwa uwajibikaji. Kwa sehemu kubwa ya nchi imefaa. Katika fukwe za ziwa Lomond haikutosha, kwa sababu ya miti iliyokatwa kwa ajili ya moto na mahema yaliyotelekezwa. Tangu Machi 2017 kupiga hema katika maeneo maalumu ya hifadhi ya taifa lilimo ziwa hilo kunahitaji kibali, kuanzia Machi hadi Septemba. Kutembea hakukuguswa. Wapo watembezi waliouita uamuzi huo usaliti wa sheria ya 2003. Mimi nauona kuwa wa haki kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa umebana tendo moja, mahali pamoja, kwa miezi saba, na kuiacha haki nyingine yote ilipokuwa.