Magnesiamu "5" ni tano ya nini?

Jibu la maabara likifika wodi ya wazazi limeandikwa "Magnesiamu: 5" na basi, mimi nasema lirudishwe lilikotoka. Mama mwenye kifafa cha mimba aliyeanzishiwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, anaweza kuwa salama kwa tano hiyo, au akawa njiani kuacha kupumua. Miligramu 5 kwa desilita, kizio cha Wamarekani, ni kama milimoli 2 tu kwa lita, ndani ya kiwango cha tiba cha 2 hadi 3.5. Lakini milimoli 5 kwa lita ni sumu: goti halishtuki tena likigongwa, na pumzi ndiyo inayofuata.

Kinachonikera zaidi ni kizio kingine, miliekwivalenti, kwa sababu kinahesabu chaji za umeme za chembe, si idadi ya chembe kama milimoli. Potasiamu ina chaji moja, hivyo milimoli 20 ni miliekwivalenti 20, na watu wamezoea kutaja yoyote kati ya hizo bila madhara. Magnesiamu ina chaji mbili. Ampuli ya mililita 10 ya asilimia 50 ina gramu 5 za salfeti: milimoli 20, miliekwivalenti 40. Mazoea ya potasiamu yakihamia hapa, mgonjwa anapewa nusu ya dozi au maradufu.

Ndiyo maana natamani dozi ya kifafa cha mimba iandikwe kwa gramu na mililita tu. Gramu 4 za kuanzia: vuta mililita 8 za asilimia 50, ongeza maji ya sindano mililita 12, upate mililita 20 za asilimia 20. Hesabu hiyo ibandikwe ukutani. Mkunga aliye peke yake usiku, mama anatetemeka kitandani, asilazimishwe kuanza kugawa na kuzidisha. Damu nayo ipimwe kwa milimoli kwa lita, basi.

Vituo vingi havina kipimo hicho cha damu, najua. Vina goti, pumzi zisizopungua 16 kwa dakika, na mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa, na hivyo ndivyo ninavyoviamini kwanza hata namba ikija. Goti likinyamaza, dozi inayofuata haichomwi. Pumzi ikishindwa, msaidie kupumua na umpe kinza-sumu ya magnesiamu, kalsiamu glukonati gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, polepole kwenye mshipa. Soma jina kwenye ampuli kabla ya kuvuta: kalsiamu kloridi ya ujazo na asilimia hiyohiyo ina kalsiamu karibu mara tatu.