Mwaridi Huchaguliwa kwa Majani, Ua Baadaye

Watu wakienda kununua mche wa waridi, macho hukimbilia ua: rangi yake, ukubwa wake, petali zilivyojikunja. Mimi ua nalitazama mwisho. Nainama kwanza nione majani ya chini kabisa, yale yanayokaribia kugusa udongo, nayageuza nione na mgongo wake. Yakiwa mazima, ya kijani kilichokolea, yenye kung'aa kidogo, hapo tunaweza kuzungumza. Yakiwa yameshapukutika na mche umebakiwa na kishungi tu kileleni, naurudisha nilipoutoa, ua liwe zuri namna gani.

Miwaridi imepakwa matope bure. Inasemwa ni mimea ya kudeka, isiyoishi bila bomba la dawa mgongoni mwa mwenye bustani. Kwa maoni yangu udhaifu huo tuliutengeneza wenyewe, na anayetaka miwaridi isiyomsumbua anamaliza zaidi ya nusu ya kazi siku anayochagua mche na kuchimba shimo. Yanayobaki ni madogo, na mengi kati ya hayo ni kujizuia tu.

Mwaridi wa mwituni hakuna anayeupulizia dawa. Kwenye ukuta wa kanisa kuu la Hildesheim, Ujerumani, uko mmoja unaosimuliwa kuwa na umri wa karibu miaka 1,000. Machi 1945 mabomu yalilibomoa kanisa, mwaridi ukaungua na kufukiwa na kifusi. Mizizi ikabaki hai chini, ikachipua upya. Ukiulinganisha huo na mche unaopukutika majani yote kwa sababu tu mvua imenyesha wiki nzima, lazima ujiulize kilichotokea katikati.

Kilichotokea ni mashindano ya urembo. Mwaka 1867 Mfaransa Jean-Baptiste Guillot alitoa 'La France', ambalo wengi hulihesabu kuwa la kwanza katika kundi la mawaridi chotara ya chai: ua moja kubwa, shina refu lililonyooka, tumba lenye ncha. Tangu hapo wazalishaji wengi wakawa wanachagua ua, na majani yaje kama yajavyo. Kisha ikaingia tamaa ya njano. Chotara hizo hazikuwa na njano iliyokolea, na Joseph Pernet-Ducher wa Lyon aliihangaikia miaka mingi kwa kuzalisha miwaridi mingine na waridi la njano la Uajemi, mpaka mwaka 1900 akatoa 'Soleil d'Or'. Njano ilipatikana, ila waridi lile la Uajemi ni jepesi mno kushikwa na ugonjwa wa madoa meusi, na wepesi huo ukaingia kwenye ukoo pamoja na rangi. Kwa hiyo likija suala la maua ya njano na ya chungwa, mimi huwa mkali zaidi: majani nayakagua mara mbili.

Madoa meusi yenyewe ni ukungu, na inafaa uyajue kwa sura. Doa huanza dogo upande wa juu wa jani. Ukilisogeza jani karibu na jicho utaona kingo za doa hazikukatika sawasawa, zina nyuzinyuzi zinazotambaa kwenda nje. Baadaye jani hugeuka njano kulizunguka doa, na siku moja ukiligusa linabaki mkononi. Huanzia chini na kupanda juu. Mche haufi mara moja, lakini ukinyang'anywa majani msimu baada ya msimu unachoka, unatoa maua machache, mwisho unashindwa hata kuhimili baridi au ukame wa kawaida. La kushika ni hili: vimbegu vya ukungu huu vinahitaji jani libaki limelowa kwa muda wa saa saba hivi mfululizo ndipo viweze kuingia. Ukishalijua hilo, nusu ya masharti unayopewa kuhusu miwaridi yanajieleza yenyewe. Maji yanamwagwa shinani, siyo juu ya majani. Yanamwagwa asubuhi, siyo magharibi. Mche unawekwa mahali ambapo jua la asubuhi linafika mapema likakausha umande. Na miche haibananishwi, ili upepo upate njia.

Ubwiri unga ni kesi nyingine. Huo ni unga mweupe juu ya majani machanga na matumba, majani yakijikunja na kupinda. Wenyewe hauhitaji jani kulowa. Unapenda mchana mkavu unaofuatiwa na usiku wa unyevunyevu, na pembe ambayo hewa imesimama, hasa chini ya ukuta. Nikiuona kila mwaka kwenye mche uleule, naanza kufikiria kuuhamisha kabla sijafikiria dawa. Kutu, ule unga wa chungwa mgongoni mwa jani, unaondolewa kwa kuchuma majani yenye ugonjwa na kuyatoa bustanini. Basi.

Wazalishaji nao wamejirudi. Ujerumani kuna jaribio linaloitwa ADR, lililoanzishwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Aina mpya hupandwa katika bustani za majaribio sehemu mbalimbali za nchi, hutazamwa kwa miaka kadhaa, na tangu mwaka 1997 hairuhusiwi kabisa kuzipulizia dawa. Inayofaulu hupewa alama ya ADR, na inaweza kuvuliwa alama hiyo baadaye ikilegea. Mimi nikiiona alama hiyo kwenye kibandiko cha mche naiamini kuliko sifa nyingine zote zilizoandikwa pale. Marekani nako Chuo Kikuu cha Texas A&M kina mpango wake, Earth-Kind, unaopima miwaridi bila kuipulizia wala kuibembeleza.

Halafu yuko William Radler, mzalishaji wa Wisconsin, Marekani. Huyu alikuwa akikusanya majani yenye madoa meusi, anayakausha, anayasaga, kisha anaimwagia miche yake michanga ungaunga huo makusudi. Iliyougua iliondoka, iliyosimama ikaendelea kuzalishwa. Ndivyo alivyopata 'Knock Out', lililoingia sokoni mwaka 2000 na kuenea Marekani nzima, mabarabarani na mbele ya majengo. Siwezi kusema nalipenda. Linachanua bila kuchoka na linajipukutisha maua makuukuu lenyewe, lakini harufu yake ni kidogo mno, na kwangu waridi lisilo na harufu limepungukiwa. Ila mwenye uzio mrefu anayetaka rangi tu, bila kushika mkasi mara kwa mara, sitamzuia. Ajue tu kwamba kinga yake ni ya madoa meusi, siyo ya kila kitu: huko Amerika Kaskazini kuna ugonjwa wa virusi unaoenezwa na utitiri mdogo sana, unaotoa matawi mekundu yenye miiba iliyojaa na kufumana kichakani, na 'Knock Out' hushikwa vilevile. Hauna tiba. Mche unang'olewa na mizizi yake.

Sasa, harufu na afya havipatikani pamoja? Vinapatikana, na hapa ndipo nawashangaa wanaosema waridi gumu lazima liwe pooza. Chukua Rosa rugosa, waridi la pwani za Asia ya Mashariki. Majani yake yana mikunjo mizito, na madoa meusi hayana habari nayo. Linavumilia mchanga, upepo wa chumvi na baridi kali, linanukia karafuu, na baada ya maua linatoa matunda mekundu manene. Lina mambo mawili ya kuangalia. Dawa za kupulizia zinaliunguza majani, kwa hiyo anayelidekeza ndiye anayeliharibu. La pili, kwenye fukwe za Ulaya ya Kaskazini limetoroka bustanini na kufunika mimea ya asili, hivyo aliye karibu na ufuo achague kingine.

Penye joto mwaka mzima, rugosa halifurahi sana. Huko mimi nayageukia mawaridi ya kale ya Kichina: 'Old Blush' na 'Mutabilis'. Hili la pili lina ua jepesi la petali chache linalofunguka likiwa na njano iliyofifia, likaingia waridi, likamalizia kwenye wekundu uliokolea, na rangi zote tatu utazikuta kwenye kichaka kimoja siku moja. Anayetaka vichaka vifupi vyenye mafungu ya maua madogo hatajuta kwa 'The Fairy' la mwaka 1932, japo nalo harufu hakuna. 'Iceberg' la mzalishaji Kordes wa Ujerumani, la mwaka 1958, ni jeupe, karimu, na penye hewa kavu sijaona mpinzani wake. Penye unyevu mwingi linashikwa na madoa, usidanganywe na umaarufu. Na Rosa banksiae, lisilo na miiba na lenye afya ya kupitiliza, liache kama huna nafasi. Mmoja uliopandwa Tombstone, Arizona, mwaka 1885 umetandaa juu ya nguzo kwa zaidi ya mita za mraba 700.

Ukiweza kupata mche uliooteshwa kwa pingili, wenye mizizi yake mwenyewe, chukua huo badala ya uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine. Utakuwa mdogo mwanzoni na utakujaribu subira. Lakini ukikatika au ukiungua kwa baridi mpaka chini, kitakachochipua ni waridi lilelile ulilolinunua. Mche uliobebeshwa hutoa machipukizi kutoka kwenye shina la chini, ambayo ni ya mwaridi mwingine kabisa, na usipoyaona mapema yanaumeza ule ulioutaka. Yakitokea, fukua mpaka yanapoanzia uyanyofoe kwa mkono. Ukiyakata kwa mkasi juu ya udongo, umeyapogoa tu, yatarudi manne.

Jua liupige mche kwa muda wa saa sita kila siku, kupungua hapo ni kutafutana ubaya. Shimo liwe na upana na kina cha nusu mita hivi. Kabla ya kupanda, lijaze maji uone. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, usipande hapo. Inua tuta au tafuta mahali pengine, maana mwaridi unapenda maji lakini haupendi kukaa ndani yake. Changanya udongo uliotoa na mboji au samadi iliyooza vizuri. Ukimaliza kupanda, tandaza matandazo ya sentimita tano mpaka nane, ukiacha nafasi kidogo kulizunguka shina. Matandazo haya, pamoja na kuhifadhi unyevu, yanazuia matone ya mvua yasirushe vimbegu vya ukungu kutoka kwenye majani yaliyoanguka mwaka uliopita.

Mwaka wa kwanza mwagilia kwa dhati. Wakati wa kiangazi, lita 25 hivi kwa mita ya mraba kwa wiki zinatosha, zikitolewa kwa mkupuo mmoja au miwili ili zizame. Kunyunyiza kidogo kila jioni kunaifundisha mizizi kukaa juujuu. Mbolea ya nitrojeni usiimwage kwa huruma: inaleta machipukizi laini, na machipukizi laini ndiyo karamu ya vidukari. Vidukari vikija, vipige kwa maji ya mpira, au subiri. Wadudu wanaovila watakuja ukiwaachia muda, na ukipuliza dawa unawaua hao kwanza. Kuhusu maganda ya ndizi yanayofukiwa shinani kila mtu akidai maajabu, yataoza kama ganda lolote. Yatie kwenye mboji.

Kupogoa kunawatia watu hofu isiyo na msingi. Miwaridi ya vichaka niliyoitaja haihitaji hesabu za macho mangapi (pale tawi linapochipulia) kutoka chini. Toa matawi yaliyokufa, toa yanayosuguana, fungua katikati ili hewa ipite, kisha punguza theluthi moja ya urefu. Chama cha waridi cha Uingereza kilipojaribu kupogoa kwa mashine ya kukatia ua wa miti, bila kuchagua jicho wala tawi, miche ilichanua sawa na iliyopogolewa kitaalamu, wakati mwingine zaidi. Mimi bado natumia mkasi, kwa kuwa napenda. Jambo moja silifanyii mzaha: mkasi uwe mkali, kwa sababu tawi lililopondwa hufa kurudi nyuma.

Na ule mche unaougua kila mwaka licha ya jua, nafasi na matandazo? Ung'oe. Kuna watu wanauguza mwaridi mmoja miaka mingi kwa sababu tu walishaulipia, na muda wote huo unaambukiza jirani zake. Ila usipande mwingine papo hapo. Udongo uliokaliwa na mwaridi muda mrefu huudumaza mpya, ukabaki kimo kilekile bila ugonjwa unaoonekana. Ama upande mpya mahali pengine, ama uchimbe nusu mita kwenda chini na pembeni, uutoe udongo wote na kuujaza wa sehemu nyingine ya bustani. Ule wa zamani hauna sumu. Mimea mingine isiyo miwaridi itaufurahia.