Shemeji na Sapphire yake, mimi na Venture yangu

Shemeji yangu hapa Houston siku hizi hana mazungumzo mengine. Tukimaliza kula tu, anatoa kadi yake ya mkopo ya Chase Sapphire Preferred, anaidondosha mezani tusikie mlio wa chuma, halafu ananiuliza kwa nini bado nimeng'ang'ania Capital One Venture kama mzee. Tumebishana sana. Leo nabishana kwa maandishi, maana hapa hawezi kunikatiza.

Kwenye ada hatuna ugomvi: kila kadi ni dola 95 kwa mwaka. Tena zote mbili hazikukati kitu ukilipa kwa fedha za kigeni, wakati kadi nyingi za kawaida hukata asilimia 3 kila ukilipa Arusha au Amsterdam. Kesi iko kwenye pointi, zile zawadi ambazo benki hukupa kila ukilipa kwa kadi (Venture huziita maili), nawe unazilipia safari. Sapphire inatoa pointi 3 kwa kila dola ya mgahawani, 2 kwa nauli na safari (5 ukipitia tovuti yao), halafu 1 tu kwa karibu kila kitu kingine. Venture haina mambo mengi: maili 2 kwa kila dola, uwe umenunua tiketi ya ndege au matairi.

Matairi ndiyo yaliyonifungua macho. Usiku mmoja nilikaa na taarifa za kadi za miezi mitatu na kalamu nyekundu, nikapigia mstari kila tulipokula nje. Bima ya gari, mafuta, dawa, mchele wa gunia, viatu vya watoto, matairi manne. Kalamu ilikaa kazi bure. Kwetu tunapitisha kwenye kadi kama dola 2,000 kwa mwezi, na migahawa ikizidi sana ni 300. Kwa Sapphire hiyo ni pointi 2,600. Kwa Venture ni maili 4,000. Piga mara 12: 31,200 kwa 48,000. Ili Sapphire iifikie Venture, karibu nusu ya matumizi yako yote iende kwenye vile vitu vya pointi 3. Shemeji ni kapera, jiko lake bado lina stika ya dukani, kwa hiyo kwake hesabu inakubali. Sisi tunaosonga ugali kila jioni, haikubali hata ukiilazimisha.

Hupenda pia kunikumbusha zile dola 50 za hoteli ambazo Sapphire hurudisha kila mwaka. Hoteli ipi? Nikitua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nalala kwa mama, Moshi. Nikithubutu kuchukua chumba mjini, habari zitamfikia kabla sijafungua begi, na kesi hiyo haimalizwi kwa dola 50.

Hoja yake yenye uzito ni kuhamisha pointi kwenda kwa mashirika ya ndege. Sapphire inapeleka United, na kwa maili za United unaweza kupanda Ethiopian, kwa kuwa wote wako Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege yanayopokea maili za wenzao. Sawa. Lakini Venture inapeleka Aeroplan, mpango wa pointi wa Air Canada, ambao wako humo humo, na kadi zote mbili zinapeleka Flying Blue, mpango kama huo wa Air France na KLM, hao KLM wanaotutoa Houston hadi Amsterdam, kisha KIA. Shida yangu ni viti. Kiti kimoja cha pointi mwezi wa Februari utakipata. Vinne vya Desemba, wakati Wachagga wote tunapanda mlimani? Jaribu uje unisimulie.

Ndiyo maana naipenda njia ya kizembe ya Venture. Nanunua tiketi popote ilipo rahisi, hata kwa wakala wetu anayejibu simu usiku wa manane, kisha ndani ya siku 90 nalifuta deni lake kwenye kadi kwa maili, kila maili senti moja. Maili 48,000 ni dola 480. Hazimalizi nauli, ila mtoto mmoja anasogea.

Lakini ukibeba deni mwezi kwa mwezi, achana na kadi zote mbili, maana riba ya zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka itameza hizo maili na tiketi yenyewe. Na usitume pesa nyumbani kwa kadi ya mkopo kisa unatafuta pointi. Nilijaribu mara moja, dola 200 za bati. Benki ikahesabu kwamba nimetoa fedha taslimu: makato papo hapo, riba ikaanza siku ile ile, maili sifuri. Mke wangu bado anaiita "bati ya dhahabu".

Shemeji keshapata kiti chake cha Februari kwa pointi, kupitia Washington na Addis. Nimempa kilo kumi za zawadi za mama. Hizo amezipokea bila ubishi.