Kura ya mashabiki wa muvi ni nzuri, ila angalieni inavyohesabiwa

Kila mwaka ukikaribia kuisha ukiingia kwenye magrupu ya wapenda muvi lazima ukute kura, muvi gani ya sayansi imetisha mwaka huu, fantasia ipi kali, steringi gani amefunika wenzake, na watu wanabishana mpaka usiku wa manane utadhani ni Simba na Yanga. Mimi hizi kura nazipenda sana na nitasema wazi, kwa hizi muvi za vyombo vya angani, madragoni, mashujaa na wasaka hazina, namwamini shabiki kuliko jopo la watu kumi waliojifungia chumbani. Jopo la aina hiyo mara nyingi linaziona kama muvi za watoto. Shabiki ndo anayezirudia, anajua sehemu ya pili iliharibikia wapi, anajua hadi jina la yule askari aliyetokea sekunde tano akafa.

Lakini sio kila kitu kinachoitwa kura ni kura. Watu wanakimbilia kuuliza nani kashinda, hawaulizi zimehesabiwaje, na hapo ndo kila kitu kipo.

Chukua mwaka 2022. Mwezi wa pili wale wenye tuzo za Oscar wakatangaza kwamba na mashabiki watachagua muvi yao, unaingia Twitter unaandika jina la muvi na hashtegi yake basi, na mtu mmoja aliruhusiwa kura hadi 20 kwa siku mpaka tarehe 3 mwezi wa tatu. Kura 20 kwa siku, mtu mmoja! Ikashinda Army of the Dead ya Zack Snyder, ile ya mazombi wa Las Vegas. Ya pili Cinderella, ya tatu Minamata ya Johnny Depp, na Spider-Man: No Way Home ambayo ilijaza kumbi dunia nzima na kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.8 ikaambulia nafasi ya tano. Kulikuwa na kura nyingine pia, ya tukio lililoshangiliwa kuliko yote, nayo ikaenda kwa Flash anavyokimbia kwenye Justice League ya Snyder huyohuyo. Mashabiki wa Snyder nawaheshimu, wale walipigania toleo lake la Justice League miaka na miaka mpaka likatoka 2021, ni watu wenye mapenzi ya kweli na lawama siwatupii wao, sheria ndo ilikuwa mbovu. Ukimruhusu mtu kupiga kura 20 kila siku unapima nani ana muda na nani ana bando, hupimi muvi.

Sasa mwaka huohuo mashabiki wengine walipiga kura Chicago, kwenye tuzo za Hugo, na hizi ndo nataka tuziangalie vizuri maana huku kwetu hazisemwi kabisa. Hugo ni tuzo za vitabu na muvi za sayansi ya kubuni na fantasia, zilianza 1953 Philadelphia na wanaochagua ni mashabiki wenyewe, wanachama wa Worldcon, mkutano mkubwa wa watu wa sayansi ya kubuni na fantasia unaohama mji kila mwaka. Unalipa ada yako, miaka ya karibuni imekuwa dola kama 50 hivi, unapigia kura nyumbani kwako hata kama mkutano hufiki. Upande wa muvi fainali mwaka ule walikuwa Dune, Encanto, The Green Knight, Shang-Chi, Space Sweepers ya Wakorea na mfululizo wa WandaVision, na Dune ikabeba. Orodha hiyo naiona ina afya kabisa, kuna katuni, kuna Wakorea, kuna ya mapigano, kuna ya polepole ya wafalme wa kale, na hakuna kambi iliyoipora.

Siri yake ni kwamba huchagui moja, unazipanga. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka unapoishia. Wakihesabu, kama hakuna iliyopita nusu, ile ya mkiani inatolewa na kila karatasi yake inahamia kwa chaguo linalofuata la mwenye karatasi, wanaendelea hivyo mpaka moja ipite nusu. Tuseme grupu lina watu 20, nane wameweka Spider-Man mbele, saba Dune, watano Black Panther. Kwa kura zetu za kawaida Spider-Man kashinda kwa watu nane, ina maana watu 12 waliweka nyingine mbele. Kwa kupanga, Black Panther inatoka, wale watano tunaangalia chaguo lao la pili, wanne waliandika Dune na mmoja Spider-Man, basi Dune 11 Spider-Man 9. Yule wa Black Panther hajapoteza kura yake na hakulazimika kumkimbia anayempenda eti kwa sababu hatashinda.

Halafu kuna kitu kingine nakipenda kupita maelezo, kwenye karatasi ya Hugo kuna sehemu ya kuchagua Hakuna. Yani unaweza kusema mwaka huu zote hazifai, na Hakuna ikishinda tuzo haitolewi. Ilitokea kweli 1977 upande wa muvi, mashabiki wakagoma, hakuna aliyepewa. Mwaka uliofuata wakaipa Star Wars. Hivyo ndo mtu anayejua anachokitaka anavyopiga kura. Na 1970 walifanya jambo ambalo jopo lolote lingeogopa, waliipa tuzo matangazo ya televisheni ya Apollo 11, watu wakitua mwezini, wakaona mwaka ule hakuna muvi iliyofikia kile walichokiona moja kwa moja kwenye runinga.

Mashabiki hao pia wana jicho. 1983 waliichagua Blade Runner mbele ya E.T., na kumbuka E.T. ndo ilikuwa imevuna hela kuliko zote wakati Blade Runner ilifanya vibaya kwenye kumbi. Leo kila muvi ya mji wa kesho wenye mvua na taa za rangi inaiga pale. Ila sio kwamba nakubaliana nao kila mwaka. 2000 waliipa Galaxy Quest wakaiacha The Matrix, hilo mimi mpaka kesho sikubali, Galaxy Quest ni tamu na inawachekesha mashabiki kwa upendo lakini Matrix ilibadilisha namna muvi zinavyopigwa. Hata hivyo nikishindwa kwa hesabu ya wazi ninayoweza kuikagua, nalala salama.

Na kukagua ndo neno kubwa. Hugo baada ya kutangaza washindi wanatoa takwimu zote, nani alipata ngapi raundi ya kwanza, ya pili, nani alikosa fainali kwa kura chache. Mwaka 2023 mkutano ulikuwa Chengdu, China, takwimu zilipotoka Januari 2024 mashabiki wakaona kuna kazi zimeondolewa kwenye kinyang'anyiro bila maelezo, riwaya ya Babel ya R.F. Kuang ikiwemo na sehemu moja ya mfululizo wa The Sandman, wakauliza, wakachimba, ikawa aibu kubwa iliyojulikana dunia nzima. Bila zile namba nani angejua? Halafu 2024 Glasgow wasimamizi wakanasa kura 377 za uongo zilizolipiwa kumsaidia mshindani mmoja. Walizijuaje? Kulikuwa na mlolongo wa wapiga kura wenye jina la ukoo moja ila herufi ya kwanza inabadilika kwa mpangilio wa alfabeti, na mlolongo mwingine majina yao yalikuwa tafsiri ya namba zinazofuatana! Wakazitupa zote na wakasema hadharani kabla hata ya kutangaza washindi. Uchakachuaji upo popote penye kura, ila kuna mahali unaonekana na kuna mahali unafunikwa.

Sasa tuje kwetu. Sisi tuliokulia vibanda umiza, tuliosikia muvi zikitafsiriwa kwa sauti ya Lufufu Dar, na wenzetu Kenya kwa DJ Afro, hatujawahi kuhesabiwa popote. Mtu analipa kiingilio chake, anabanwa kwenye benchi, joto, feni moja imeelekea kwa mwenye banda, na muvi anayoitazama ameshaiona lakini amerudi kwa sababu ya ile sehemu Neo anapolala chali risasi zinampita juu na kibanda kizima kinalipuka. Nani aliyewahi kuandika kwamba watu wale wameichagua Matrix? Hakuna. Kwa hiyo hizi kura za magrupu sio mchezo mdogo kwangu, ndo sehemu pekee ladha yetu inaandikwa, na inauma kuona admini anaweka muvi 12, kila mtu anabonyeza moja, inashinda iliyopata kura 9 kati ya 60 tunaambiwa hii ndo bora ya mwaka.

Ombi langu kwa maadmini ni dogo. Acheni watu wapendekeze kwanza siku chache, chukueni sita zilizotajwa zaidi, kila mtu aandike mpangilio wake na Hakuna iwemo, mtu mmoja karatasi moja, mwishoni mbandike hesabu yote tuione. Kalamu na daftari vinatosha. Na kwenye mapendekezo msisahau za nyumbani, Pumzi ya Wanuri Kahiu ya 2009 ni dakika kama 21 tu na ni sayansi ya kubuni kamili, dunia baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani wamefungiwa na Asha anatoka peke yake jangwani na mche wake. Wengi wanaotuma trela za Marvel kila siku hawajaiona.

Kwa ile kura ya muvi bora za wakati wote inayozunguka sasa hivi, karatasi yangu hii hapa. Ya kwanza The Matrix. Ya pili Pumzi. Ya tatu Raiders of the Lost Ark, maana kwa wasaka hazina sijaona aliyemfikia Indiana Jones akikimbizwa na lile jiwe. Ya nne The Return of the King, ile ya mwisho ya The Lord of the Rings. Ya tano Hakuna, na zote zilizobaki kwenye orodha ya admini nimeziacha chini yake kwa makusudi.